Yah: Malalamiko kuhusu maua ya kanesheni na dawa ya kuzuia ethilini

Shangani, Mtwara

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpambaji wa kumbi za harusi. Nilinunua kwenu mashina 200 ya kanesheni nyeupe pamoja na vifuko vya dawa ya 1-MCP, ambayo lebo yenu inasema huzuia ethilini, yaani gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva na kuyanyausha maua, na hivyo kurefusha uhai wa maua. Maua yalifika Ijumaa alfajiri petali zikiwa zimejikunja kwa ndani. Nilitia dawa kwenye ndoo za maji kama lebo inavyoelekeza, lakini Jumamosi jioni bibi harusi alipoingia ukumbini hapakuwa na ua hata moja lililochanua.

Kijana wangu aliyepokea mzigo alikuta maboksi ya maua yamebanwa katikati ya mikungu ya ndizi zinazoiva. Kila mama aliyewahi kuvumbika ndizi anaijua kazi ya gesi hiyo, hata kama hajui kuwa inaitwa ethilini. Na kanesheni ni miongoni mwa maua yanayodhurika nayo upesi, kwa kuwa yakishaipata huanza kuitengeneza yenyewe. Naomba msisingizie joto la huku kwetu, kwani krisanthemamu nilizozipanga katika ukumbi uleule, ambazo haziathiriwi sana na ethilini, zilikuwa bado nzima Jumatatu.

Kuhusu dawa, kosa ni kubwa zaidi. Dawa hii, iliyogunduliwa na watafiti Edward Sisler na Sylvia Blankenship huko North Carolina, Marekani, hukalia vipokezi vya ethilini ndani ya ua kabla gesi hiyo haijavifikia, kwa hiyo ni kinga wala si tiba. Zaidi ya hayo, yenyewe pia ni gesi, na maua hufukizwa nayo kwa saa kadhaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kunielekeza niitie ndooni, mahali pa wazi, baada ya safari ile, ni kuniuzia hewa.

Naomba mnirudishie fedha zote za maua na za dawa, mrekebishe maelezo ya lebo, na kuanzia sasa mfukize maua ghalani kwenu kabla ya kuyapakia, katika gari lisilobeba matunda. Bibi harusi yule nimeshamwomba radhi mbele ya wazazi wake kwa kosa ambalo si langu.

Nasubiri majibu yenu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wenu katika biashara,
Mpambaji, Mtwara