Shangazi, nikishika kitabu naonekana sina kazi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nina kibanda karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, umri wangu ni miaka 38, na ndoa yangu imetimiza miaka 15. Tumejaliwa watoto watatu: wa kwanza yuko Gredi ya 8, wa pili Gredi ya 4, na kitinda mimba ana miaka mitatu. Baba watoto anaendesha tuktuk. Mavyaa anaishi nasi tangu magoti yalipomzidi, na pia yuko binti wa wifi yangu anayesomea chuo hapa mjini. Vyumba viwili, watu saba. Hatuna vita nyumbani, wala sitaki barua hii iilete. Nakuandikia kwa sababu ya daftari langu la mashairi.

Mimi ni mzaliwa wa Mumias. Kwetu Kiswahili kilifika na misafara ya watu wa pwani enzi za akina Nabongo, wafalme wa Wawanga, kikaweka makao, na mjomba wangu alikuwa mwalimu wa madrasa. Jioni kisomo kikiisha alituachia mshororo mmoja tulale nao, kesho yake tumletee mitatu ya kuukamilisha ubeti. Mizani nane huku, nane kule, vina vya kati na vya mwisho visiteleze. Tulihesabu kwa vidole, na mpaka leo nikisikia mtu amesema neno tamu njiani vidole vyangu huanza kuhesabu vyenyewe. Nilipokuwa kidato cha tatu shairi langu lilitoka katika ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo. Mjomba alilikata kwa wembe akalibandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo. Alipofariki tulilikuta palepale, karatasi imekuwa rangi ya chai.

Naandika polepole, pengine ubeti mmoja kwa mwezi, lakini sijaacha. Na kusoma ndiko kunakonipa maneno. Nina kadi ya maktaba ya taifa, tawi la hapa Kisumu, ingawa siku nyingi nikifunga kibanda giza limeshaingia na maktaba nayo imefungwa, hivyo kitabu kimoja hukaa kwangu mpaka faini ikapanda.

Shangazi, kuna jambo nimeliona, na ningependa wenzangu wanaosoma barua hii waniambie kama nao wameliona. Jioni nikikaa sebuleni na kroshia, nafuma vitambaa vya viti, hakuna anayenisumbua. Watoto hunipita. Mavyaa husifu mkono wangu kuwa mwepesi. Nikiweka kroshia chini nikachukua kitabu, hazipiti dakika kumi nimeitwa. "Mwanangu, kwa vile umekaa, hebu nitazamie chai." Wa pili anataka penseli ichongwe. Baba watoto anauliza soksi ziko wapi. Kiti ni kilekile na saa ni ileile, ila sasa mikono haiendi, na katika nyumba yetu mtu ambaye mikono yake haiendi amekaa bure. Usiku mmoja nilijikuta nimelaza kitabu mapajani, nimekifunika kwa kitambaa ninachofuma, nasoma kwa kuibia kama mtoto anayeficha peremende darasani. Mtu mzima, nyumbani kwangu, kodi ya nyumba nalipa nusu. Niliumia sana siku hiyo.

Sisemi hawanijali. Siku nikiumwa na kichwa mavyaa ndiye anayenikandia kitambaa cha maji baridi. Na kazi yenyewe ipo kweli, sijaibuni. Nikirudi ni kupika, kufua sare za kesho, kuchota maji yakirudi usiku, halafu kazi za shule. Mzazi mwenye mtoto wa CBC, huu mtaala wa umilisi, anajua nasema nini. Majuzi wa Gredi ya 4 aliagizwa mdoli wa vitambaa. Nilifurahi, kwani vipande vya sare vimejaa kibandani. Tulikaa naye mpaka saa nne, tukamshonea macho kwa vifungo viwili vya shati, kimoja kikubwa kuliko kingine, kwa hiyo akawa kama anayeshangaa jambo. Mtoto alipolala nikabaki nimemshika yule mdoli. Nikawaza kwamba shule imeona mtoto anahitaji muda wa kubuni vitu kwa mikono yake, ikamwagiza mama amsaidie kuupata. Mama mwenyewe, ni nani aliyeagizwa amsaidie?

Sasa nije kwenye daftari. Mwezi wa Agosti gesi ilituishia jioni, binti wa wifi akawasha jiko la makaa. Karatasi za kuwashia tunazitoa kwenye ndoo ya magazeti ya zamani, na daftari langu lilikuwa humo. Nilikuwa nimelitia mwenyewe asubuhi ili kitinda mimba asilichore, kwa sababu nyumba nzima haina rafu, droo wala pembe ninayoweza kuiita yangu. Niliingia na fungu la sukuma wiki mkononi, nikaona jalada la buluu limejikunja pembeni mwa jiko. Niliwahi karatasi moja tu. Ilikuwa imeungua kutoka chini kwenda juu, na ubeti niliouandika wiki ile ulikuwa umebaki na mishororo mitatu:

Sindano yapita huku, uzi wafuata nyuma,
Nashona hadi usiku, na macho yanayouma,
Siku yafukuza siku, shairi lanisukuma,

Wa nne ulikwenda na moto. Nakumbuka kwamba nilipoupata nilisimamisha cherehani kwa furaha, lakini maneno yake siyakumbuki. Nimejaribu mingine zaidi ya kumi, mizani inatimia, vina vinakaa, na bado si wenyewe.

Binti alilia kuliko mimi. Nikamwambia yamepita, hakujua. Naye, huku anafuta machozi, akasema, "Anti, ningejua ni la wateja nisingeligusa." Alisema kweli tupu. Daftari la wateja, lenye vipimo vya viuno na mabega na nani amelipa rubuni kiasi gani, linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, na hata kitinda mimba anajua haliguswi. Neno hilo limenikaa mpaka leo kuliko hata ule moto.

Baba watoto alinipa pole kwa moyo. Baadaye tukiwa wawili akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lakini mama watoto, hayo mashairi yanatuletea nini? Muda huo ungefuma vitambaa tukauza." Hakusema kwa ubaya. Ni mtu anayehesabu shilingi za abiria kutwa, na karo anaiona inakuja kama mimi ninavyoiona. Nilikosa jibu. Ningeweza kumwambia kwamba Gor Mahia wakicheza huegesha tuktuk, akaenda kutazama, akarudi sauti imekauka kwa kushangilia, na hakuna aliyewahi kumuuliza mpira umeleta nini. Sikusema, na sitaki kusema. Anachoka, mgongo unamuuma, na zile saa mbili humrudishia uso wake. Nataka tu aelewe kwamba hata mimi nina kitu kinachonirudishia wangu, na sijui nianze vipi bila kuonekana namhesabia mpira wake.

Usidhani nimekaa nikilia tu, Shangazi. Nilianza kwa kuamka saa kumi, kabla ya adhana ya alfajiri. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa tamu ajabu. Nyumba kimya, majogoo ya jirani, chai yangu moja, na riwaya niliyoimaliza kwa siku tisa. Wiki ya tatu nikakata shati la mteja kwa usingizi. Mikono ya shati ukiikata mmoja mmoja lazima uigeuze karatasi ya kukatia kabla ya ule wa pili. Sikuigeuza, nikatoka na mikono miwili ya kushoto. Kitambaa mteja alikuwa amekinunua Mombasa, na kingine kama kile sikukipata Kibuye nzima. Nilimlipa, nikaomba radhi, nikaacha kuamka saa kumi.

Nikahamia kwenye simu. Hapo nitakwambia ukweli ulivyo: saa nyingine huwa hainyang'anywi na watoto, naitoa mwenyewe. Nafungua niandike mshororo mmoja, ujumbe wa chama unaingia, mtu ametuma picha za harusi, na nusu saa imekwenda bila hata neno. Kibandani nako nimeshindwa. Mteja akinikuta nasoma, hata kama nguo yake imeshapigwa pasi na kukunjwa, ukimtazama usoni unaona anawaza kwamba fundi huyu ndiyo sababu tunacheleweshewa.

Wifi yangu ananishauri nisubiri watoto wakue. Nimepiga hesabu: kitinda mimba akimaliza sekondari mimi nitakuwa nimevuka miaka 50. Na fundi macho ndiyo mtaji. Tayari usiku natia uzi kwenye tundu la sindano kwa kubahatisha. Nikisubiri miaka yote hiyo sijui kama nitaweza kusoma maandishi ya kitabu, achilia mbali kukumbuka mjomba alinifundisha nini.

Mara nyingi namfikiria Grace Ogot. Alizaliwa Asembo mwaka 1930, si mbali na hapa, akasomea uuguzi na ukunga, akawa mbunge wa Gem, akalea watoto wanne, na vitabu akaviandika. Watu wanapomsifu hutaja vitabu na bunge. Mimi ninachotamani kujua ni aliandika saa ngapi, na aliyemwona ameshika kalamu alimwambia nini.

Naja kwenye ushauri ninaoutaka.

La kwanza ni sanduku. Kuna fundi mbao jirani yangu aliye tayari kunitengenezea sanduku dogo lenye kufuli, nami nimshonee suruali mbili za watoto wake. Ningetia daftari, kalamu na kitabu cha maktaba. Nimeogopa mpaka leo. Mke mwenye kufuli, kwa watu wetu, ana siri, na mimi sina siri na mume wangu hata moja. Je, nimwambie kabla halijaletwa, au nimpe ufunguo wa pili? Au niachane na kufuli kabisa, nipigilie msumari wa pili ukutani, kando ya ule wa wateja?

La pili ni hiyo saa. Nataka saa moja, mara mbili kwa wiki, ambayo chai itatazamwa na mtu mwingine. Binti wa wifi anaweza, na wa Gredi ya 8 ni mkubwa sasa. Lakini kila nikitaka kulisema neno hilo mezani linanikwama, naona kama naomba kitu cha anasa wakati tunakula omena siku ya tatu mfululizo. Wewe ungelisemaje, Shangazi? Nipe maneno yenyewe, tafadhali, si maana tu.

La tatu linamhusu mavyaa, na hili ndilo linalonitatiza zaidi, kwa kuwa ni mtu mzima na siwezi kumwambia asiniite. Hakupelekwa shule. Wiki jana aliniuliza kuna nini humo kitabuni kinachonifanya nisisikie. Nikamsomea kurasa mbili kwa sauti, habari za msichana aliyetoroka kwao usiku. Alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Kesho yake asubuhi, kabla sijavaa viatu, akaniuliza, "Yule mtoto alifika?" Furaha niliyoisikia siwezi kuieleza. Ila tangu siku hiyo kila nikifungua kitabu ananisogelea nimsomee, na watoto wanakuja nyuma yake, na ile saa ya peke yangu niliyokuwa naitafuta imezidi kuwa mbali. Sitaki kumnyima. Wala sitaki kujidanganya kwamba kuwasomea wengine ndiko kusoma kwangu, maana nikisoma kwa sauti sipati nafasi ya kusimama kwenye sentensi nzuri na kuirudia. Nifanyeje na mambo haya mawili?

Nakuomba jibu lako lije kabla ya mwezi wa Januari. Shule zikifunguliwa ni sare, marinda na mifuko ya kaptura kutoka asubuhi hadi usiku, na mwezi huo hata wewe ukinijibu sitapata pa kukusomea.

Wako,
Fundi wa Kibuye, Kisumu