Kabla ya Owen na Mzee, Haller Park ilikuwa timbo tupu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie Haller Park, ile paki ya miti na wanyama ya kiwanda cha simiti pale Bamburi, Mombasa. Tangu kiwanda hicho kiingie mikononi mwa kampuni ya Amsons ya Tanzania mwisho wa 2024 nimekuwa nikiiwaza sana hiyo paki, na naona watu wengi hawajui ilifikaje hapo ilipo.

Ukitaja Haller kila mtu anakwambia Owen na Mzee. Sawa, na mimi nakipenda kile kisa, mtoto wa kiboko alibaki peke yake baharini kule Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Bamburi, akafika tu akaenda kujibanza kwa kobe wa miaka kama 130. Dunia nzima ikaja kutazama. Lakini Owen alikuta miti na vivuli viko tayari, na hiyo miti ndiyo iliyotesa watu.

Mimi nimekulia karibu na timbo, mzee wangu alikuwa akikata mawe, kwa hivyo najua chini ya timbo kulivyo saa saba mchana. Kweupe mpaka macho yanauma, joto linapenya kwenye ndala, hata nyasi ya dawa hupati. Bamburi kulikuwa hivyo hivyo lakini eneo kubwa ajabu, manake simiti ilianza kutoka 1954 na matumbawe yakachimbwa miaka na miaka.

1971 ndio René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswizi, akaanza kujaribu kupanda miti humo ndani, kwenye jiwe lisilo na udongo na maji ya chumvi chumvi chini yake. Alijaribu aina 26, zikabaki tatu tu, mvinje, mnazi na mti unaoitwa damas, zile 23 zote zikafa. Hebu fikiria mtu anatoka nyumbani asubuhi kwenda kuangalia miche iliyokauka, na kesho tena.

Alafu hata mvinje wenyewe ukaleta shida yake. Unakua vizuri, mizizi yake ina bakteria wanaovuta nitrojeni hewani ndio maana unavumilia, lakini majani yake yakianguka hayaozi, yanakaa makavu kama sindano yanarundikana tu na udongo haupatikani. Kilichookoa kazi yote ni jongoo! Haller aliona jongoo wa miguu myekundu anatafuna yale majani makavu, wakaokotwa kwa mamia wakamwagwa chini ya mivinje, na kinyesi chao ndicho kikaanza kuwa udongo. Jongoo huyu huyu tunayemfagia nje mvua zikianza.

Wageni walifunguliwa mlango 1984, yaani miaka 13 baada ya miche ya kwanza. 1987 Haller akapewa tuzo ya Global 500 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa.

Agosti iliyopita niliwapeleka watoto wangu. Mdogo alimlisha twiga, ule ulimi mrefu mweusi ukamzunguka mkono akapiga kelele za furaha mpaka watu wakageuka. Baadaye chini ya mivinje nikafukua kidogo kwa kidole nimwonyeshe mkubwa ule udongo mweusi, na sikufika mbali, nikagonga jiwe. Miaka zaidi ya 50 na udongo bado ni mwembamba hivyo. Ndio maana nawaomba wenye kiwanda wapya waitunze hiyo paki kwa moyo wote, wawaweke wale wafanyakazi wanaoijua miti, wasiione kama sehemu ya kukata tiketi tu.

Na ombi la pili ni kwa serikali za kaunti zetu huku pwani. Karibu na kwetu kuna timbo limeachwa wazi, mvua ikinyesha linajaa maji na watoto wanaogelea humo, tulipomuuliza mwenyewe akatujibu kwenye jiwe hapamei kitu. Kila anayepewa leseni ya kuchimba aambiwe mapema atalirudishaje hilo shimo, na asiachiwe mpaka miti imeshika. Mbegu za mvinje zipo, jongoo nao wapo tele, kuokota tutaokota sisi na watoto wetu.

Mama wa watoto wawili,
Kisauni, Mombasa