Kabla ya kupandisha makato ya bima, angalieni hospitali zinatoza nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme kuhusu bima ya afya ya sisi watumishi wa umma, maana kila bajeti ikikaribia tunaanza kusikia maneno yale yale, mfuko umeelemewa, madai yamezidi michango, watumishi wanatibiwa sana, kwa hiyo makato yapande, kitita cha huduma tunazolipiwa kipunguzwe na mgonjwa aanze kuchangia kila akienda hospitali. Mimi niko ofisi ya utumishi, makato na kusajili wategemezi ndo kazi yangu, mtu akikataliwa kadi hospitali anakuja kunililia mimi, kwa hiyo hili sio jambo la kuhadithiwa. Na ninachosema ni kimoja tu, kabla hamjagusa mshahara wa mtumishi angalieni kwanza hospitali zinaulipisha mfuko bei gani na kwa huduma gani.

Sikatai kwamba hela haitoshi. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, presha na sukari zimejaa, dawa za kansa na kusafisha figo ni ghali kweli kweli, wastaafu wanaongezeka na ndio wanaoumwa zaidi. Hiyo ni kweli nchi yoyote ile. Lakini gharama ya bima ina pande mbili, watu wanatibiwa mara ngapi, na kila wanapotibiwa inalipwa bei gani. Upande wa kwanza ndo kila mtu anaukimbilia kwa sababu ni rahisi, mtumishi anakatwa juu kwa juu kabla mshahara haujaingia benki, hana pa kwenda. Upande wa bei unataka mtu akae na mahospitali makubwa abishane nao, na wengi hawaitaki hiyo kazi.

Kuna waliofanya. Jimbo la Montana kule Marekani mfuko wa wafanyakazi wa serikali ya jimbo ulikua unaelekea kukauka kabisa, mwaka 2014 wakamwajiri mama mmoja anaitwa Marilyn Bartlett kuusimamia. Yeye hakuanza na mishahara ya watu, alianza na ankara. Akakuta upasuaji ule ule hospitali hii inatoza hivi na nyingine inatoza mara kadhaa zaidi na hakuna mtu anaweza kueleza kwanini. Mpango wa zamani ulikua hospitali inajipangia bei alafu mfuko unapewa punguzo, na punguzo la bei ambayo mtu kajipangia mwenyewe halina maana, si anaipandisha tu kwanza. Akageuza, akaanzia chini, kwenye kile ambacho Medicare, bima ya wazee inayoendeshwa na serikali ya Marekani, inalipa kwa huduma hiyo hiyo, akasema sisi tutalipa kiwango hicho pamoja na nyongeza fulani, kwa wastani ikaja asilimia 234 ya kiwango cha ile bima. Yani bado hospitali ilikua inapata zaidi ya mara mbili! Na bado kuna iliyogoma mpaka karibu na mwisho, wafanyakazi wakapiga simu na kuandika barua ndipo ikasaini. Kuanzia 2016 bei mpya zikaanza na akiba ya mfuko ikarudi.

California nako wana mfuko mkubwa wa watumishi wa umma na wastaafu wao, unaitwa CalPERS, na huu nautaja kwa sababu umejaribu njia zote mbili kwa hiyo tunaweza kulinganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipandisha kile mgonjwa anacholipa akimwona daktari na akichukua dawa. Wachumi wakafuatilia wastaafu wakaona kweli watu walipunguza kwenda kliniki na kuchukua dawa, alafu kulazwa kukaongezeka, hasa kwa wale wenye magonjwa sugu. Na ukilazwa mara moja ile hela iliyookolewa kwenye dawa imekwisha yote. Mwaka 2011 mfuko huo huo ukaja na jambo lingine, ukaangalia upasuaji wa kubadilisha goti na nyonga ukakuta bei zinaanzia kama dola 15,000 hadi zaidi ya dola 100,000 kwa kazi ile ile. Wakaweka kikomo cha dola 30,000 wakatoa na orodha ya hospitali zenye ubora ambazo zinafanya kwa bei hiyo, ukienda kwingine ghali zaidi tofauti unalipa mwenyewe. Wagonjwa wakahamia kwenye orodha, na zile hospitali za bei kubwa zikashusha bei zao karibu theluthi nzima. Kumbe inawezekana.

Najua kuna atakayesema kuchangia kidogo kunazuia watu kwenda hospitali ovyo. Hilo nalo lilishapimwa, taasisi ya utafiti ya Marekani inayoitwa RAND ilifanya jaribio kubwa kuanzia miaka ya 1970 hadi 1982 na familia zaidi ya 2,000, wengine wakatibiwa bure wengine wakachangia. Waliochangia walitibiwa kidogo kweli, ila walipunguza matibabu ya muhimu sawasawa na yale yasiyo ya lazima, kwa sababu mgonjwa sio daktari, hajui hiki kipimo kina maana au hakina. Na walioumia ni maskini ambao walikua tayari wana matatizo, presha yao ilibaki juu. Sasa mlinzi wa ofisi au mhudumu wa usafi akiambiwa atoe hela kila mwezi kwenye dirisha la dawa ataruka mwezi, alafu ataruka miwili, na presha haina maumivu hivyo haoni tatizo mpaka siku anaanguka. Na siku hiyo mfuko utalipa wodi na ICU.

Jiji la Asheville, North Carolina, lilifanya kinyume chake kwa wafanyakazi wake wenye kisukari. Kuanzia mwaka 1996 hivi likawaondolea malipo ya dawa na vifaa vya kupima sukari, kwa sharti moja tu, wakutane mara kwa mara na mfamasia aliyefunzwa awafuatilie. Hela ya dawa ilipanda, ndiyo, lakini gharama yote ukijumlisha ilishuka na siku za kutokuja kazini kwa kuumwa zikapungua. Hili mimi nalielewa sana kwa sababu karatasi za ruhusa za ugonjwa zinapita mkononi kwangu, mwalimu au nesi asipokuwepo kazi haifanyiki, na hiyo hasara haiandikwi kwenye hesabu za bima hata siku moja.

Alafu tuje kwenye fomu, hapa ndo nakereka. Mtumishi anafika hospitali, kabla hajamwona daktari anapewa fomu ya madai asaini. Tupu! Majina na namba ya kadi vipo, sehemu ya vipimo na dawa haina kitu, anaambiwa saini hapa tutajaza baadae. Mtu anaumwa, mtoto analia, foleni ndefu, anasaini. Nini kilijazwa baadae hajui, nakala hapewi. Nishamsindikiza mwenzangu wa ofisini kwenye hospitali moja (jina silitaji) akaomba aione fomu yake baada ya huduma, akaambiwa sio utaratibu. Kwanini isiwe utaratibu? Yule yule anayelaumiwa kwamba anatumia sana ndo mtu pekee aliyekuwepo chumbani akajua ni vipimo gani vilifanyika, na ndo mtu pekee ambaye hamwonyeshi ankara. Meseji moja tu kwenye simu, umepimwa hiki na hiki, umepewa dawa hii, mfuko umelipa kiasi hiki, kama si kweli jibu hapana. Hiyo haihitaji sheria mpya.

Kuhusu makato, kama lazima yapande basi yasipande sawa kwa wote. Afrika ya Kusini mfuko wao wa watumishi, GEMS, ulioanza kuhudumia watu 2006, una mpango wa chini ambao mtumishi wa ngazi za chini kabisa akijiunga serikali inamlipia mchango wote. India mpango wao wa afya ya watumishi wa tangu 1954 unakata kulingana na ngazi ya mshahara na mstaafu anabaki ndani. Hili la wastaafu naomba litazamwe kwa jicho la peke yake, mtu amechangia ujana wake wote akiwa mzima haendi hata hospitali, anafika umri wa kuumwa ndo kitita chake kinapunguzwa.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu kwako na kwa waandishi wako, safari hii viongozi wakiitisha mkutano kutangaza makato mapya naomba muwaulize matatu. Hospitali kumi zilizolipwa pesa nyingi zaidi mwaka jana ni zipi? Upasuaji wa uzazi mmoja mfuko unalipa kiasi gani kila hospitali? Na ni madai mangapi yalikataliwa kwa sababu huduma haikutolewa? Mkipata majibu yachapeni kama yalivyo, na wakikataa kujibu chapeni pia kwamba wamekataa.

Ni mimi,
Mtumishi wa umma, ofisi ya utumishi