Shangazi, ni kweli: nilikwenda Berlin nikatazama twiga

Shikamoo shangazi,

Ujumbe wako wa sauti ulizunguka kundi zima la familia kabla haujanifikia mimi. "Mtoto kapanda ndege, kavuka bahari, kaenda Ulaya kutazama twiga!" Kisha kicheko, na nyuma ya kicheko chako kuna kingine ambacho mwenyewe nimemtambua. Kwa kuwa umenisema mbele za watu, na mimi nakujibu mbele za watu.

Kwanza nikuulize kwa adabu: wewe twiga umemwona wapi? Mbele ya wageni tunajisifia Serengeti kana kwamba tumelala huko juzi, lakini wengi wetu twiga tunayemjua ni wa kwenye kalenda ya ukutani. Basi usinione mjinga. Nilikuwa na siku moja huru, Julai ya 2024, jua limewaka, Wajerumani wametoka na kaptula na watoto mabegani, nami nikaingia pamoja nao.

Bustani ya wanyama ya Berlin imo katikati ya mji hasa. Unashuka kwenye kituo cha treni kinachoitwa Zoologischer Garten, unavuka barabara, umefika. Mimi nilizunguka hadi lango la Budapester Straße ili nipitie kwa tembo: wawili, wa mawe, wamepiga magoti, wamebeba nguzo mgongoni, na juu yao paa lenye ncha zilizopinda kama la hekalu la Asia. Lango hilo lilijengwa mwaka 1899, likabomoka katika Vita Kuu ya Pili, likajengwa upya mwaka 1984. Tembo walio hai huko ndani nao ni wa Asia, masikio madogo. Mashariki ya mji kuna bustani nyingine iitwayo Tierpark. Kwa nini mji mmoja una bustani mbili za wanyama? Baada ya vita Berlin iligawanywa, bustani ya zamani ikaangukia upande wa magharibi, na wenzao wa mashariki hawakukubali kubaki bila tembo. Mwaka 1955 wakafungua ya kwao, tena kubwa zaidi. Majirani wakikosana hata wanyama huhesabiwa.

Sasa twiga wako. Nyumba yao, shangazi, ina minara. Usicheke. Ilifunguliwa mwaka 1872, enzi ambazo wasanifu wa Berlin waliona kila mnyama akae kwenye jengo linalofanana na kwao, au na walivyodhani kwao kunafanana. Tembo wakajengewa hekalu la Kihindi, mbuni wakapata la Misri ya kale, na twiga na swala wakapewa nyumba yenye matao na minara ya Kiarabu. Aliyewaza kwamba twiga ni mnyama wa minara hakuwahi kufika nyikani, lakini jengo ni zuri, siwezi kusema uongo. La tembo na la mbuni yalikwisha vitani. La twiga lilibaki na majeraha, likatengenezwa.

Ndani ya nyumba hiyo nilikuta maonyesho nisiyoyatarajia, nikasoma nimesimama huku twiga akitafuna majani upande wa pili. Bustani hii tangu kufunguliwa kwake mwaka 1844 ilikuwa mali ya wanahisa, na wengi kati yao walikuja kuwa Wayahudi wa Berlin. Kuwa na hisa ya bustani kulikuwa heshima ya familia: unaingia na wanao upendapo, unakaa, unakunywa kahawa, unaonekana. Chini ya Wanazi wakasukumwa wauze hisa zao kwa bei ya kutupa, na kufikia mwaka 1939 hawakuruhusiwa hata kuvuka lango. Fikiria mtu aliyeimiliki bustani, kisha anasimama nje ya ukuta wake.

Nikatoka nikaenda kwa viboko ili nipunguze uzito wa moyo. Hapa nitakuambia kitu ambacho hata mwenye gari la kitalii mbugani hakioni. Wamejenga bwawa lenye ukuta wa kioo chini ya kuba za kioo, kwa hiyo unasimama kavu kabisa, naye yuko majini mbele ya uso wako. Kiboko haogelei kama tunavyodhani. Anatembea chini ya maji. Anasukuma sakafu kwa mguu mmoja, anaelea kidogo, anatua, anasukuma tena, polepole, bila haraka na mtu, mwili ule wote umekuwa mwepesi. Nilikaa pale mpaka mtoto mmoja akaniomba kwa ishara nimpishe.

Jirani hapo kuna sanamu ya kiboko aliyeitwa Knautschke. Alizaliwa mwaka 1943, na Novemba ya mwaka huohuo ndege za Waingereza zikaimwagia bustani mabomu. Kabla ya vita kulikuwa na wanyama zaidi ya 3,700. Vita vilipokwisha walihesabiwa 91, na yeye akiwamo. Mji wenyewe ulikuwa na njaa, lakini watu walikuja kumtazama kiboko. Akaishi hadi mwaka 1988. Aliyepewa kazi ya kuifufua bustani alikuwa mwanamke, Katharina Heinroth, wa kwanza nchini humo kuongoza bustani ya wanyama. Njia iliyo kando ya mfereji nje ya ukuta sasa ina jina lake.

Panda nitawapitia haraka, maana wao wanapitiwa na kila mtu. Wawili, Meng Meng na Jiao Qing, wameazimwa kutoka China tangu 2017, wanakaa kwenye jumba la kifalme na kazi yao ni mianzi. Mwezi mmoja na ushee baada ya mimi kuondoka, Meng Meng akajifungua pacha. Nami nilimwona amelala chali nikamdhania mvivu.

Lakini bibi wa nyumba ni Fatou. Huyu ni gorila, na inasemekana baharia alimleta Ufaransa akamwacha kwenye kilabu cha pombe alikoshindwa kulipa deni. Mwaka 1959 akafika Berlin, akiwa na umri wa miaka miwili hivi, na yupo tangu hapo. Aprili ya mwaka nilipokwenda walikuwa wamemfanyia sherehe ya miaka 67, mkongwe kuliko gorila wote wanaojulikana duniani. Meno yamekwisha, anapikiwa mboga laini, na wamempa chumba chake mbali na vijana wenye fujo. Nilipofika alikuwa ametupa mgongo. Watu walimwita, wakapiga kioo (kuna maandishi yanayokataza, lakini watu ni walewale kote), naye hakugeuka. Nilimpenda kwa hilo. Ukuta wa Berlin ulijengwa na kubomolewa yeye yupo humu.

Karibu na hapo nilikaa kwenye benchi kivulini, na kivuli chenyewe hakikunituliza, kwa kuwa kuna habari niliyokuja nayo kichwani. Bustani hii haikuonyesha wanyama tu. Kuanzia mwaka 1878 ilionyesha watu. Wafanyabiashara waliwaleta kutoka mbali pamoja na nyumba zao na vyombo vyao, wakawaweka uwanjani, wenyeji wakalipa kiingilio. Mwaka 1880 waliletwa Wainuit wanane kutoka Labrador, pwani ya Kanada, na mmoja wao ni Abraham Ulrikab, na mkewe na wanawe. Abraham alijua kusoma na kuandika, alipiga fidla, na aliandika shajara kwa lugha yake akieleza jinsi umati wa Berlin ulivyowabana. Hawakuchanjwa kwa wakati. Ndani ya miezi michache wote wanane walikufa kwa ndui, yeye akifia Paris Januari 1881.

Nasi hatukuachwa. Majira ya joto ya 1896, kwenye mbuga ya Treptow mashariki ya mji, Ujerumani ilifanya maonyesho ya makoloni yake na ikaleta watu 106. Waswahili na Wamasai walikuwamo, kutoka nchi tunayoijua wewe na mimi. Walitakiwa waishi kwenye vijiji vya maonyesho, wavae walivyoambiwa ndivyo wanavyovaa. Lakini nikupe moja la kukufurahisha. Alikuwapo kijana wa Kameruni, Kwelle Ndumbe, naye alichoka kutazamwa. Akanunua ile darubini ndogo ambayo matajiri huenda nayo kwenye jumba la maonyesho kuwatazama waigizaji, akasimama na kuanza kuwatazama wazungu waliokuja kumtazama.

Nilipokumbuka hilo nikasimama. Nikafanya kama yeye. Saa nzima sikutazama mnyama. Nilimtazama baba aliyekuwa akimsomea mwanawe kila kibao mpaka jina la kisayansi, mtoto analia anataka aiskrimu. Nilitazama vikongwe wawili wenye tiketi ya mwaka ambao wanawaita nyani kwa majina na kuwapa habari za mtaani. Nilitazama kundi la wanafunzi waliomgeuzia simba mgongo wapate kujipiga picha naye. Kiingilio changu kilirudi chote hapo.

Na kabla hujasema kwamba Berlin ilitujua kwa njia hiyo tu: miaka michache baada ya Treptow, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa mjini humohumo akiwafundisha Wajerumani Kiswahili, akaoa huko, akafia huko mwaka 1927. Nadhani naye alipitapita kwenye miti hii jioni. Sina ushahidi, ila mtu wa pwani aliyefungiwa na baridi miezi mingi hivyo asingekosa kutoka jua likiwaka.

Alasiri nikatoka bustanini nikafuata mfereji. Pale karibu na daraja la Lichtenstein kuna herufi kubwa za chuma zinazotumbukia majini, jina la Rosa Luxemburg, mwanamapinduzi wa kisoshalisti. Aliuawa na askari Januari 1919, wakautupa mwili wake hapo. Upande huu herufi zile, upande wa pili wa ukuta unasikia ndege wa bustanini wakipiga kelele. Watoto walikuwa wanapita kwa baiskeli.

Ukivuka unaingia Tiergarten, mbuga ya mapumziko ya mji, hekta 210 za miti, nyasi na vidimbwi. Zamani palikuwa mahali pa watawala pa kuwindia, pamezungushiwa uzio, mpaka mfalme Frederick wa Pili alipoamuru uzio uondolewe mwaka 1742. Utaingia udhani ni msitu wa tangu na tangu. Nami ningedhani hivyo, kama nisingejua kwamba baada ya vita, watu wa Berlin walipokosa makaa ya mawe, waliikata miti karibu yote wakaota moto. Kati ya miti zaidi ya 200,000 ilibaki kama 700 tu, na palipokuwa na bustani pakalimwa viazi na kabichi. Upandaji ulianza Machi 1949, meya Ernst Reuter akitangulia na mche mmoja, na miji mingine ya Ujerumani ikachangia miche kwa maelfu, mingine ikaletwa kwa ndege kwa sababu Wasovieti walikuwa wamefunga barabara. Kwa hiyo miti mingi mikubwa unayokaa chini yake ni midogo kuliko wewe. Samahani, midogo kuliko baba yangu, wewe bado kijana.

Hapa pana jambo nitakueleza nikiwa nimeinamisha macho. Kuna uwanja wa nyasi humo ambapo watu huota jua bila nguo. Bila yoyote. Wazee kwa vijana, mmoja anasoma gazeti. Hakuna anayemtazama mwenzake, na mimi niliyetoka kutwa nzima kujifunza kutazama nikaiangalia simu yangu kwa bidii sana hadi nilipofika njia kuu.

Nilipanda ngazi 285 za Mnara wa Ushindi, ule wenye sanamu ya dhahabu yenye mabawa juu, nikakiri moyoni kwamba wali wa Ijumaa umenitia kitambi. Juu hapo unaona kijani pande zote na mji umejisogeza pembeni. Mnara wenyewe haukuwa hapo tangu mwanzo. Ulizinduliwa mwaka 1873 pale ambapo sasa ni mbele ya jengo la bunge, na Wanazi ndio waliouhamishia katikati ya mbuga miaka ya 1938 na 1939. Kutokana na hilo ukanusurika, maana kule ulikotoka palipondwapondwa.

Kisha nikangoja magharibi. Shangazi, nikangoja. Saa moja jioni jua liko juu. Saa mbili liko juu. Familia zinachoma nyama, mashua zinazunguka ziwani, mimi naangalia simu. Lilizama saa tatu na nusu usiku! Ukija Julai ujue isha na alfajiri zinakaribiana kiasi kwamba usingizi utaupata mchana, na ukija Desemba utafunga kazi saa kumi alasiri kwa giza.

Karibu na kituo cha treni kiitwacho Tiergarten palikuwa na taa za barabarani za gesi za zamani, zimekusanywa kutoka miji mbalimbali na kupangwa njiani. Nilipita chini yake nikiwa na njaa na miguu imevimba, nikapanda treni.

Kama unakuja, na najua utakuja ukishaacha kucheka, lete viatu vya kutembelea, vile vya harusi uviache. Anza na kiboko asubuhi kabla ya watoto wa shule. Chakula chako beba. Na Treptow tutakwenda pamoja, mimi sikupata muda.

Nisalimie wote, pamoja na yule aliyekuwa akicheka nyuma yako.

Mwanao.