Nimeshika hela zake, nimpe au nisimpe?

Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mama ntilie, nauza wali samaki jirani na soko la Feri, Dar es Salaam. Wateja wangu wengine ni vijana wanaolala nje, kwenye mabaraza ya maduka. Asubuhi wanapaa samaki, mchana wanakula kwangu, na kwa kuwa mfuko wa anayelala nje hauna usalama, hela zao wananiwekea mimi. Kila mmoja ana ukurasa wake kwenye daftari.

Mmoja wao, nimwite Juma ingawa si jina lake, ana miaka 19. Ana shilingi 62,000 kwangu, anadunduliza apange chumba. Kwamba anavuta unga, yaani heroini, nilijua. Wanauchanganya na bangi, wanaita kokteli. Lakini sindano waliicheka wote. Teja wa kujidunga akipita wanamwita maiti, wanamfukuza hata kwenye ndoo yangu ya kunawia, na Juma ndiye kinara. "Maza, sisi tunavuta tu. Wale wamekwisha." Moshi starehe, sindano aibu, ndivyo walivyojigawa, na mimi nikatulia.

Mwezi uliopita akaanza kupokea sahani kwa mkono mmoja. Nikamgombeza, adabu gani hiyo? Akapandisha shati: mkono wa kushoto umevimba kuanzia kwenye kiwiko, ngozi inang'aa kama ya bilinganya. Kumbe alfajiri moja arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilimkamata akiwa na hela ya kete moja tu, mwenzake akamwambia moshi ni hasara, ajidunge. Tangu hapo wanatumia sindano moja wawili. Nikamtajia Ukimwi, nikamtajia homa ya ini. Akanishangaa. "Yule ndugu yangu, Maza. Nikimkatalia si ataona namnyanyapaa, kama tulivyokuwa tunawafanyia wale?" Nikakosa la kusema.

Nimeulizia tiba. Muhimbili wanatoa methadoni, dawa ya kunywa ya kumwachisha mtu unga, tangu 2011, bure, ila ukianza ni lazima uende kila siku ukainywe mbele ya mhudumu. Juma anasema akienda asubuhi kazi ya samaki wataichukua wengine, halafu kupanga foleni ile ni kukubali mbele za watu kwamba yeye ni teja. Badala yake anataka hela zake.

Mume wangu anasema nimpe, ni jasho lake, nisijifanye polisi. Lakini najua zitakokwenda. Nikimnyima, wenzake nao wataogopa kuniwekea, na yeye hatarudi kula. Sijui kwingine anakokaa chini akala. Nimefikiria nimkatie nauli ya Muhimbili humo humo kwenye hela zake, kidogo kidogo, ila huko si kumpangia mtu mzima maisha? Au nianze na huo mkono, nimpeleke kwa daktari, mengine yafuate?

Jana kaniuliza zimefika ngapi. Nikamwambia daftari nimelisahau nyumbani. Nilikuwa nimelikalia. Kesho atauliza tena, Shangazi, nimjibu nini?

Mama Ntilie, Feri