Mjukuu wa Mama Jeni kapata asilimia mia

Kigoma, Jumapili jioni

Shoga yangu Zaituni,

Mwangaluka! Hilo ndilo neno langu pekee la Kinyamwezi, nalitanguliza ili usinifokee kwa kimya cha tangu Ramadhani. Huku hatujambo, ila mama miguu bado. Mawese yako ninayo, Baba Asha atakuletea akija huko na treni.

Sasa nisikilize. Nimetwishwa kazi, na aliyenitwisha ni yule yule bosi wangu. Anataka wafanyakazi wa matawi yote, Kasulu, Uvinza mpaka Kibondo, wajifunze mfumo mpya wa mikopo kwa simu. Nikajifungia wiki tatu, nikaukatakata mwongozo wa kurasa 180 nikapata masomo 42, nikayapandisha kwenye Moodle, ule mfumo wa kusomea mtandaoni. Huwezi kuruka hata moja, na mwisho kuna cheti chenye nembo. Nikajiona mtaalamu kweli.

Mama Jeni akawa wa kwanza kumaliza. Siku mbili, asilimia mia! Nikampongeza kwenye grupu la WhatsApp mbele ya watu wote. Wiki iliyofuata nikapita tawini kwake, nikakuta mteja kasimama dirishani na noti zake mkononi, Mama Jeni kakodolea skrini, hajui rejesho lisilotimia linaingizwa wapi. Nikamwuliza, mama, si umesoma? Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Kumbe simu alimpa mjukuu wa darasa la tano, naye akawa anabonyeza "endelea" huku anatafuna mahindi ya kuchoma. Jaribio akabahatisha, akikosa anarudia, maana kurudia sikukuwekea kikomo.

"Mwanangu," akaniambia, "miaka kumi na tisa niko dirishani hapa, wewe unanianzishia na 'Mteja ni nani?'"

Sikuwa na la kujibu. Nikaomba maji ya kunywa.

Basi nimefumua yote. Nilikaa naye siku mbili nikiandika kila anapokwama. Mambo sita, Zaituni. Sita! Rejesho pungufu, mkopo wa kikundi mmoja wao akifariki, kufunga hesabu umeme ukiwa umekatika… mengine utayaona. Sasa jaribio liko mwanzoni: unayemudu kusajili mwanachama, unapita, karani mgeni ndiye anaanzia huko. Kila somo ni kazi moja ya dirishani, dakika tano, na lile linalotegemewa ndilo linatangulia (kwenye masomo yangu 42 riba ya kuchelewa ilitangulia riba yenyewe, usimwambie mtu). Ile programu ya Moodle ya simu inaruhusu kupakua, kwa hiyo mtu wa Kibondo anashusha masomo ofisini asubuhi, anasoma baadaye bila bando.

Kinachonisumbua ni kusahau. Unamkumbuka Ebbinghaus, yule Mjerumani wa chuoni, aliyekariri silabi zisizo na maana ajipime mwenyewe, akatoa kitabu 1885? Alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi siku za mwanzo, halafu mwendo unapungua. Kwa hiyo swali nalirudisha baada ya siku mbili, kisha wiki, kisha mwezi. Mama Jeni kasema nikimrudia mara ya tatu atanizimia simu. Lakini juzi rejesho pungufu aliliingiza bila kuniita, nilikuwa pembeni najifanya nasoma karatasi.

Bosi lakini hataki kusikia. Yeye anahesabu vyeti. Nilimtajia zile ngazi nne za Kirkpatrick za kupima mafunzo: wamependa, wamejifunza, wanafanya kazini, kazi imepata nini. Akaniuliza vyeti vitakuwa vingapi kufikia mwisho wa mwezi. Haya.

Sasa nisaidie, wewe uliyezoea kutunga mitihani. Naambatanisha maswali kumi na mawili ya jaribio la mwanzo. Yapitie, uniambie lipi linajibika kwa kubahatisha. Mtu akikosa nimwonyeshe jibu hapo hapo au nimwache ahangaike kwanza? Walioanza zamani niwafutie vyeti, au nitawaudhi? Na ungekuwa wewe, ungemwambia bosi habari ya mjukuu? Mkutano ni Alhamisi. Halafu yule wako karudi, au bado yuko Nzega? Mbona hukuniambia mwenyewe, mpaka nisikie kwa watu?

Jibu upesi. Mjukuu wa Mama Jeni anauliza cheti chake kiko wapi.

Wako,
Mwajuma