Mvua haikosei, inatangatanga

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Hapa Igombe tuligawiwa kipeperushi cha mradi mmoja kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Ukurasa wa pili kinasema Kanda ya Ziwa itarajie "mvua zenye makosa". Mama anayeanika dagaa jirani na chanja ya mke wangu akanijia nacho mkononi: "Mwalimu, kwani hii mvua imekosea nini?"

Nilicheka, kisha nikageuza upande wa Kiingereza. Neno lenyewe ni "erratic". Mfasiri ameona "error", yaani kosa, ndani yake, kazi ikaishia hapo. Ukoo hakuukosea, kwa kuwa maneno yote mawili yanatokana na kitenzi cha Kilatini "errare", yaani kutangatanga. Mmoja alipotea njia akawa kosa, mwenzake akabaki mzururaji. Zamani Waingereza waliziita hata sayari nyota "erratic", kwa kuwa hazitulii mahali pamoja kama nyota nyingine. Sisi nasi neno sayari tumelitoa Uarabuni, na huko lina maana ya chenye kwenda.

Najua wengi watasahihisha kwa kuandika "mvua zisizotabirika". Hapo nagoma. Aliyezoea mwalo anajua radi za ziwani hupiga zaidi usiku kuelekea alfajiri, na mchana mawingu hujijenga upande wa nchi kavu. Hilo linatabirika miaka yote. Kinachotushinda ni njia ya wingu. Jumanne mke wangu alikuwa ameshatandaza ndoo sita za dagaa saa moja asubuhi. Saa tatu likaja wingu, likatunyeshea robo saa, likaondoka. Hatua arobaini kutoka kwetu, chanja ya mama yule haikupata hata tone! Dagaa wake walikauka wakang'aa kama fedha. Wetu waligeuka rangi ya kutu, tukawauza kwa mtu wa chakula cha kuku.

Mvua ya namna hiyo mimi naiita mvua ya kutangatanga. Watu wa hali ya hewa wakisema "mtawanyiko usioridhisha" nawaelewa, ingawa ni maneno ya ofisini. Nisichokitaka kabisa ni "kigeugeu", ambalo nimelisikia redioni. Kigeugeu ni mtu, ana ulimi na ana nia. Mgombea anaweza kuwa kigeugeu. Wingu halijamwahidi mtu kitu.

Na kwa kuwa nimeshaanza: wanajiolojia nao hulitumia neno "erratic" kwa jabali lililobebwa na barafu likaachwa mbali na kwao. Nimewahi kumsikia kijana karibu na kivuko cha Kamanga akiwaeleza wageni kwamba Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, ni la aina hiyo. Si kweli. Lile ni granaiti ya hapa hapa Mwanza, imemomonyolewa na jua na mvua pale pale ilipo. Limepewa jina la Mjerumani, basi, lakini halijatangatanga popote.

Kipeperushi nimemrudishia mama yule, "zenye makosa" nimeifuta kwa kalamu nyekundu, mazoea ya darasani. Hakukitazama. Alitaka kujua tu kama kesho aanike. Nimemwambia aanike, ila turubai liwe karibu.

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza,
Igombe, Ilemela, Mwanza